Trai 80 za Rosenfeld, na misimu ambayo vita iliimeza

Msimu wa 1913–14 Albert Rosenfeld, winga wa klabu ya Huddersfield ya Uingereza aliyezaliwa Sydney, alifunga trai 80 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani). Katika raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, hakuna aliyeifikia idadi hiyo hadi leo. Msimu uliofuata timu yake ilibeba vikombe vyote vinne, na katika fainali ya kombe la Challenge Cup ikawalaza St Helens 37–3. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikasimamisha mashindano rasmi. Rosenfeld alivaa sare na kupelekwa Mesopotamia, Iraq ya leo.

Wapenzi wa historia ya mchezo huu hawachoki kuuliza: bila vita angefunga ngapi? Wanaomwongezea trai wana hoja, maana aliyekwenda jeshini alikuwa mfungaji aliye katika ubora wake. Wanaokataa wanataja umri. Alizaliwa 1885, na mashindano yaliporudi mwaka 1919 alikuwa na miaka 33. Kwa winga, mguu ndio mtaji, na mguu hauvumilii umri huo.

Hoja ya umri nzito, ila haitoshi. Winga humaliza kazi iliyoanzwa na wengine. Kikosi kile cha nahodha Harold Wagstaff kiliishi kwa pasi, mpira ukihama mkono hadi mkono mpaka pembeni. Vita ikakigusa kikosi hicho pia: fowadi Fred Longstaff aliuawa 1916. Mwenzake Douglas Clark alivuta gesi ya sumu katika mapigano ya Passchendaele, Ubelgiji, akapona, na mwaka 1920 akarudi kuichezea Uingereza huko Australia. Kwa hiyo anayesoma trai chache za Rosenfeld baada ya vita kama ushahidi wa uzee tu, anasoma nusu ya ukurasa.

Hata hivyo, sikubali kumwongezea hata trai moja. Misimu ile iachwe wazi kwenye takwimu, isijazwe kwa makisio wala isihesabiwe kuwa kushuka kwake. Tukianza kukisia, itabidi tumkisie na Jack Harrison, mwalimu na winga wa klabu ya Hull. Msimu uleule wa trai 80, yeye alifunga 52, idadi ambayo bado ni rekodi ya klabu hiyo. Tarehe 3 Mei 1917, huko Oppy, Ufaransa, aliikimbilia peke yake bunduki ya rashasha iliyokuwa ikiwamaliza askari wake. Alikuwa na miaka 26. Mwili wake haukupatikana.