Nywele au Tumbo?

Babu alipofariki alituachia deni la dukani, kesi ya shamba la minazi, na Peugeot 404. Shamba wakaligombania wakubwa. Deni kila mtu akalikana. Gari, lililokuwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu ya Ngamiani, kuku wakitagia kiti cha nyuma, nikalichukua mimi. Nilikuwa na miaka 23 na akili zangu nilizidhani timamu.

Nilikua nikisikia habari za Safari Rally, jinsi Bert Shankland wa Dar es Salaam alivyoshinda kwa 404 mwaka 1966, kisha akarudia 1967. Babu alivyosimulia ungedhani yeye ndiye aliyekaa pembeni akisoma ramani. Baadaye nikajua msoma ramani alikuwa Chris Rothwell, lakini mambo mengine humwambii babu yako.

Mwaka na nusu wa kupiga puti, kusaka spea na kubembeleza kabureta sitausimulia. Wenye gari kuukuu wanaujua, na wasio nalo waendelee kulala vizuri. Niseme tu kwamba 404 ina tundu mbele la kuchomekea hendeli, na siku ya kwanza hendeli ile ilinirudi ikaniangusha kwenye banda la kuku. Kuku walifurahi. Walikuwa na kinyongo cha nyumba yao.

Ikabaki difu, lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma. Fundi wangu, mzee aliyezifungua Pijo tangu enzi ambazo katani ndiyo ilikuwa fedha ya Tanga, akaonja kidogo yale mafuta yaliyokuwamo, akatema.

"Nani katia gia oili humu?"

"Sijui, Fundi. Nimeikuta."

"Difu ya 404 si kama ya hizi Toyota zenu. Ndani mna skrubu nene inasugua gurudumu la shaba. Hii inataka mafuta ya nyonyo. Na ukichanganya nyonyo na gia oili, vinagandana kama uji wa jana. Mwaga yote, osha, katafute nyonyo."

Nilidhani ananitania. Lakini mzee huyu hana utani, hata salamu anaitoa kama risiti. Nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza nyonyo, karafuu, ubani na vitu vingine ambavyo sikuthubutu kuviuliza.

"Nywele au tumbo?" akauliza.

"Difu."

Akanitazama kwa huruma. "Maskini. Imekuanza lini?"

Akanipa chupa kadhaa za maji zilizojazwa mafuta ya manjano, kila moja kaiandika NYONYO kwa kalamu nene. Tukaitia difu nyonyo. Ile oili chafu iliyotoka, nyeusi, yenye harufu ya mayai viza, nikaikinga kwenye chupa mojawapo iliyobaki tupu, maana jirani aliiomba apake nguzo zake zisiliwe na mchwa. Chupa nikaiweka dirishani ukumbini.

Jioni ile akaingia Shangazi kutoka Korogwe. Kesho yake kaka yangu alikuwa anakwenda kufunga ndoa Muheza, na Shangazi alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hapandi Noah na wanawake wenzake. Atapanda gari la baba yake. Alikuja na mafua makali, sauti inatokea puani, na umeme nao ukachagua saa ile ile kukatika.

Alfajiri nikaikuta chupa ya dirishani imepungua nusu.

Shangazi alikuwa jikoni, kichwa amekifunga mfuko wa nailoni na juu yake kilemba. "Mwanangu, ile nyonyo yenu kali! Mto wote umekuwa mweusi. Ndiyo ile nyonyo nyeusi wanayoiuza ghali?"

Hapa mtu mwenye heshima zake angesema ukweli.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema. "Ghali sana."

Alikosha kichwa mara tatu kwa sabuni ya mche. Mama, ambaye pua yake ilikuwa nzima, akanitazama, akaitazama chupa, kisha bila kusema neno akaenda kuwasha chetezo. Shangazi akafukizwa udi mpaka akakohoa, akamiminiwa marashi, akafungwa ushungi mpya. Kwa mbali alinukia bibi harusi. Kwa karibu alinuka gereji iliyofukizwa udi.

Tukaondoka. Mimi kwenye usukani, Fundi kando yangu ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, kaka na Shangazi nyuma, gari likiimba kama cherehani. Kange watu walitupungia mikono. Jua likaanza kuingia kupitia kioo cha nyuma, likimpiga Shangazi utosini, na joto, kama mjuavyo, huamsha harufu.

Tulipokaribia Pongwe, Fundi akainua pua.

"Simama. Difu inavuja."

"Haivuji, Fundi. Twende, tutachelewa."

"Simama! Tena hii si nyonyo, hii ni gia oili. Kijana, umeniingiza mjini? Nyonyo umeiuza?"

Msafara mzima ukasimama. Fundi akavua kofia, akaomba mkeka kwenye Noah, akaingia chini ya gari na kanzu yake. Tukamsikia akifungua nati. Kimya. Akatoka na kidole kinang'aa, akakinusa, akakilamba.

"Nyonyo safi," akasema, sasa amekasirika zaidi, kwa sababu pua yake haijawahi kumdanganya miaka yote hiyo. Akafumba macho. Akaanza kulizunguka gari taratibu akinusa: tairi, mlango, kioo. Kwenye dirisha la nyuma akasimama, akainama.

"Wee mzee," Shangazi akasema kwa sauti ya mafua, "wanusa nini kwa mke wa watu?"

Fundi akaivaa kofia yake.

"Bi mkubwa, niwie radhi. Gari ni zima. Unayevuja ni wewe."

Kaka alicheka mpaka kilemba cha harusi kikamdondoka. Ikabidi niseme yote, kuanzia mchwa wa jirani. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Fundi kana kwamba mimi nimekwisha kufa.

"Hiyo nyonyo ya kweli, imo kwenye gari?"

"Imo, yote."

"Mpya?"

"Ya jana."

Jumapili asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya mwembe, sufuria ya Mama kifuani, nikiitoa nyonyo tone kwa tone. Shangazi alikaa juu yangu kwenye kigoda, ushungi ameuvua, akihesabu chupa. Kuku mmoja alikwisha kurudi kiti cha nyuma.