Michango ya kampeni ilipie walinzi?

Sheria ya Marekani inakataza michango ya kampeni kugeuzwa matumizi binafsi. Mgombea haruhusiwi kuitumia kulipa karo ya mwanawe wala kodi ya nyumba anayoishi. Kamera za getini na mlinzi wa kuandamana naye je? Tume ya shirikisho ya uchaguzi, FEC, imeziruhusu, na ruhusa hiyo imezidi kupanuka kila damu inapomwagika. Juni 2017 mbunge Steve Scalise alipigwa risasi akiwa kwenye mazoezi ya besiboli. Mwezi uliofuata wabunge wakaruhusiwa kufunga mitambo ya ulinzi majumbani. Bunge lilipovamiwa Januari 6, 2021, ikafuata ruhusa ya walinzi. Tangu Januari 1, 2025 kuna kanuni kamili inayowagusa pia wagombea, familia na wafanyakazi wao, ilimradi tishio linatokana na siasa.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mwananchi alichanga ili mtu wake ashinde, hakuchanga ili ajengewe uzio. Tena fedha za ulinzi ni rahisi kuishia kwa jamaa. Cori Bush, aliyekuwa mbunge wa Missouri, alichunguzwa kwa sababu kampeni yake ilimlipa mumewe kazi ya ulinzi. Yeye alikana kosa lolote. Kanuni mpya inataka malipo yawe ya bei ya kawaida ya soko. Kwangu hilo halitoshi: ndugu wasilipwe kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba usalama sasa unafuata uwezo wa kuchangisha. Mwenye matajiri nyuma yake analindwa usiku na mchana, asiye nao anafunga mlango na kuomba Mungu. Melissa Hortman, aliyeuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe Juni 14, 2025, alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Minnesota, si la taifa, na kanuni ya FEC inahusu chaguzi za shirikisho tu.

Basi serikali ilipe? Kwa walio madarakani, ndiyo. Baada ya mauaji hayo Baraza la Wawakilishi lilipandisha posho ya ulinzi wa nyumba ya mbunge kutoka dola 10,000 hadi 20,000. Lakini posho hiyo haimfikii anayegombea dhidi ya mbunge huyo. Isitoshe, ulinzi wa serikali hunyang'anywa. Wakenya wanakumbuka Januari 2018, viongozi wa NASA, muungano wa upinzani, walivyoondolewa walinzi wao Raila Odinga alipokuwa akijiandaa kula kiapo cha "rais wa wananchi" pale Uhuru Park. Siku kama hiyo mpinzani hana pa kukimbilia ila kwa waliomchangia.

Kwa hiyo ruhusa hii nisingeifuta. Mbunge alindwe na umma, kwa kiwango kimoja na wenzake wote. Mshindani wake aachiwe michango yake, na kampuni ya ulinzi anayoilipa itajwe kwenye taarifa za fedha kama anavyotajwa mchapishaji wa mabango yake.