Mlanguzi wa Huku Hana Sura

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2024 nilikuwa kazini hapa Manchester. Tiketi za Oasis zilianza kuuzwa saa tatu asubuhi. Mama mmoja ninayefanya naye kazi, mwenye miaka hamsini na kitu, anaipenda bendi hiyo tangu ujana wake. Aliegemeza simu kwenye birika la chai, akawa anachungulia foleni ya mtandaoni kila akipita. Zamu yake ilipofika mchana, tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa pauni 150 hivi ilikuwa imepanda hadi 355. Akaitia simu mfukoni bila kusema neno. Jioni tukaona tiketi za maonyesho hayohayo zinauzwa upya, nyingine kwa maelfu ya pauni.

Muuzaji kupandisha bei watu wakiwa foleni ni jambo moja, na ulanguzi ni jambo jingine, lakini shabiki yanamchoma sawasawa.

Nyumbani Dar es Salaam ulanguzi upo, hasa Simba na Yanga zikikutana. Ila mlanguzi wetu unamwona. Yuko nje ya geti, tiketi anazo mkononi, mnavutana bei, na kipenga kikishalia anateremsha mwenyewe kwa hofu ya kulala nazo. Muziki ndio kabisa: marehemu baba alinipeleka DDC Kariakoo kuwasikiliza Sikinde, tukalipa kiingilio mlangoni, tukaingia. Aliamua jioni ileile, baada ya kuhesabu alichonacho.

Huku mlanguzi ni programu ya kompyuta. Inabonyeza haraka kuliko kidole cha binadamu yeyote, inabeba tiketi kwa mafungu, na mwenye nayo huenda hajui hata wimbo mmoja wa bendi husika. Utavutana bei na nani? Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia programu hizo mwaka 2016, na bado mashabiki wanalia. Ayalandi nawasifu: sheria yao ya 2021 inakataza kuuza tena tiketi za maonyesho makubwa kwa bei inayozidi ya awali. Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba itafanya hivyo pia.

Naandika haya kwa sababu tiketi za shoo za nyumbani nazo zinahamia kwenye simu. Ni vizuri, foleni za jua kali zinapungua. Lakini waandaaji, nawaomba sana: bakizeni tiketi za mlangoni, na tupate sheria kabla programu hizo hazijatuzoea. Mpenzi wa muziki wa Temeke hana pa kuzitoa pesa za ziada.

Julai 2025 Oasis walipiga Heaton Park, bustani kubwa ya hapa Manchester. Yule mama alikwenda kusimama kilimani, nje ya uzio, pamoja na wengine wengi wasio na tiketi. Alinipigia simu ili na mimi nisikie. Bendi ilisikika kwa mbali. Niliyemsikia vizuri ni yeye, anaimba.