Nipeni hiyo pumzi ndani ya zamu, sio Jumamosi yangu

Mimi ni nesi wa kliniki ya watoto, dispensari ndogo huku Likoni, Mombasa, na juzi tukaambiwa kuna semina ya maindifulnesi, yani kufunzwa kutuliza akili, kuvuta pumzi, kukaa na kinachokusumbua bila kukikimbia. Nilifurahi wallahi. Kuulizia siku, naambiwa Jumamosi saa tatu, ng'ambo kisiwani. Jumamosi ndio siku yangu ya kufua na kukaa na wanangu.

Mafunzo yenyewe nayaamini. Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha 1979 kwenye hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, programu ya wiki 8. Na 2009 JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, lilitoa utafiti wa madaktari 70 wa huduma za msingi kule Rochester, New York, walifunzwa wiki 8 halafu wakaendelea kukutana miezi 10 mengine, na ule uchovu wa kazi ukapungua na huruma kwa wagonjwa ikapanda. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nao, lakini angalia walivyopewa muda, karibu mwaka mzima, sisi tunapewa Jumamosi moja na soda.

Njoo siku ya chanjo uone. Chupa yetu ya BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, ni dozi 20, ukishaichanganya una saa 6, inayobaki unamwaga, kwa hivo hufungui mpaka watoto wafike wa kutosha. Saa mbili kuna kina mama sita, mmoja katoka Mtongwe na tuktuk, mtoto ana siku tatu kafunikwa leso mbili, anauliza daktari mbona hatuanzi, namwambia mamangu subiri kidogo, ikifika saa nne wamejaa mpaka chini ya mwarobaini, naifungua, na hapo saa ya ukutani ndio bosi wangu. Kitabu, rejista, sindano ya juu juu ya ngozi mkono wa kushoto, ukizamisha umeharibu, mtoto analia, haya mwengine.

Siku hiyo yule mama aliniuliza mara ya tatu kama kidonda cha chanjo kitapona, nikamkata kwa ukali. Akanyamaza, akaanza kukunja leso yake polepole bila kuniangalia. Usiku sikulala.

Dada mmoja mkubwa wetu kazini ndio alinionyesha kitu. Ukipaka sanitaiza, aliniambia, ngoja ikauke, usishike kalamu, usiite mtu, sikiliza mikono yako tu. Ni kama nusu dakika, na ni lazima uipake kila mtoto. Nimefanya miezi miwili sasa na sauti yangu imeshuka, hata kina mama wanaona.

Ndio nasema mafunzo yaletwe pale pale. Shirika la Afya Duniani 2019 lilieleza kuchoka huku kuwa ni kwa stresi ya kazini isiyoshughulikiwa, sasa kama imetoka kazini kwa nini tuitibu nyumbani? Jumanne saa tisa foleni imeisha, tupeni nusu saa, mwalimu aje Likoni, na mtuletee nesi wa pili manake pumzi haichomi sindano.

Jumamosi nitaenda, jirani ashakubali kubaki na watoto. Nitakaa mbele, na swali la Jumanne nitaliuliza kabla ya chai.