Unga Namba Wani

Nilivuka mpaka wa Mutukula Jumatatu alfajiri nikiwa na pasipoti, kibao cha kusukumia, tawa la chuma la marehemu bibi na jeuri ya mtu wa Tanga. Jeuri yenyewe ilikuwa ya lugha. Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Sasa mimi nitapata shida gani Kampala? Sikufikiria kwamba Katiba haiendi mashineni kununua unga.

Hadi Alhamisi mambo yalikwenda. Chumba nilipata Kibuli kwa mama mmoja ambaye mtaa mzima humwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Akanipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa nikatambulishwa, akaniazima meza, akanionyesha wapi pa kununua sigiri na mkaa.

Mpango wangu ulikuwa chapati za pwani. Kilo moja ya ngano, maji ya uvuguvugu mililita 600, chumvi vijiko viwili vya chai, mafuta vijiko vinne vya chakula. Unakanda dakika kumi, unafunika nusu saa, unakata madonge 12, kila donge unalisukuma, unalipaka mafuta, unalikunja kama konokono na kulisukuma tena. Huko ndiko zinakotoka tabaka. Wa Kampala chapati yao ni nene, na mara nyingi hawaili hivihivi: wanaikatakata kwenye maharage wakaiita kikomando, au wanakunjia mayai ya kukaanga ndani yake ikawa roleksi, jina la Kiingereza kilichotafunwa cha “rolled eggs”, mayai ya kukunjwa. Saa ya mkononi haihusiki. Mimi nikaona nianze na chapati na maharage tu, mayai baadaye.

Ijumaa jioni nikampigia kijana wa boda. Nikamwambia niletee unga, kilo 50, mweupe, ule wa daraja la kwanza.

“Namba wani?” akauliza.

“Hasa! Namba wani.”

Nilimpa laki mbili. Saa tatu usiku akashusha gunia limeshonwa mdomo, akanirudishia elfu sitini. Nikamsifu kwa uaminifu wake, nikajisifu na mimi kwa kujua kuagiza. Bei ile ilikuwa inanipigia kelele, nami nikadhani ni ukarimu wa nchi.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri umeme hakuna. Kwa tochi ya simu nikakata uzi, nikamimina kilo nne kwenye beseni, chumvi, mafuta, maji. Mkono wangu ulijua ndani ya dakika moja. Kichwa kilikataa mpaka saa moja asubuhi.

Donge halivutiki. Ukilinyanyua linakatika kama udongo wa kichuguu. Nikasema maji kidogo. Nikaongeza, likawa uji. Nikasema maji mengi. Nikaongeza unga, likarudi kichuguu. Nikasingizia mwinuko, kwamba Kampala iko juu, zaidi ya mita 1,100, huenda unga wa huku una tabia zake. Mwisho nikachemsha maji nikayamimina yakitokota, na hapo nikadanganyika vizuri kabisa, maana donge lilishikana! Kumbe ni wanga tu ulioiva. Ngano ina gluteni, ule mnato unaovutika kama mpira, mahindi hayana. Wamexico chapati zao za mahindi zinawezekana kwa sababu wao huyachemsha kwanza kwa chokaa ndipo wakasaga.

Nikasukuma. Ikapasuka kingo zote. Nikaitupia kwenye tawa kwa upawa, nikaigeuza, ikagawanyika mikoa minne.

Nalongo akatoka na mswaki mdomoni. Akaangalia tawa, akaangalia beseni, akachota unga kwa vidole viwili akaulamba.

“Banange! Wewe unakaanga kawunga?”

Kawunga ndiyo sembe. Ukisema “unga” bila kutaja ngano, mtu wa Kampala anasikia kawunga, na namba wani ndiyo gredi yake ya juu: mahindi yaliyokobolewa mpaka ganda na kiini vimetoka, yakasagwa laini, meupe pe. Kijana alikwenda mashine za Kisenyi akaniletea kile kile nilichokitaja. Hata kumlaumu sikuweza.

Kilo 46 zilizobaki alizichukua mama anayewapikia mafundi wa gereji chakula cha mchana, kwa hasara ya elfu ishirini. Zile nne zilizokwisha kukandwa tulizila kwa Nalongo siku nzima, pamoja na mapacha, na mapacha hawakunisamehe.

Jumapili nikapiga simu tena, safari hii neno kwa neno. “Ngano. N-ga-no. Ya chapati.”

“Eŋŋaano, nimeelewa, maama.” Akanyamaza kidogo, kama mtu anayenionea huruma. “Na maji, nilete?”

“Maji ya nini? Ninayo madumu mawili.”

“Mawili?” Akacheka. “Kale.”

Jumatatu ngano ikavutika mpaka nikataka kulia. Saa moja asubuhi chapati 24 zimepangwa chini ya kitambaa, tabaka zinaonekana, na mteja wa kwanza akasimama mbele ya meza, koti begani.

“Roleksi, nyabo. Amagi abiri.”

Roleksi nilielewa, nikajiandaa kumweleza kwamba bado sijaanza. Lakini la pili nalo nililielewa, na mgeni haanzi kwa kumnyima mtu maji. Nikachota kwenye dumu vikombe viwili, nikamwekea.

Nalongo alikaa chini kabisa, akicheka bila sauti. Amagi ni mayai. Imeandikwa kwa g, lakini Waganda g mbele ya i wanaitamka j, ikawa amaji, karibu sawa na maji yetu.

Mteja alikunywa kikombe cha kwanza kwa adabu. Cha pili akakiangalia, akaniangalia.

“Na kitunguu,” akauliza, “unaweka saa ngapi?”