Nani ashike dekio la wodi ya wazazi?

Mwaka jana nilikaa siku sita nikimuuguza dada yangu katika hospitali moja ya rufaa, baada ya kujifungua kwa upasuaji. Nyuma ya mlango wa choo cha wodi palibandikwa karatasi ya ratiba ya usafi, yenye safu ya saa na safu ya sahihi. Siku ya pili, saa nne asubuhi, niliisoma: ilikuwa imeshasainiwa mpaka saa kumi jioni. Baadaye akaja mama mmoja wa kampuni ya usafi na ndoo moja na dekio moja. Alianza chooni, akaja nalo koridoni, akaingia nalo wodini mpaka chini ya vitanda vya wazazi wenye mishono mibichi. Maji ya ndoo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Siwezi kumlaumu. Alikuwa peke yake kwa wodi mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba dekio la chooni haliingii wodini. Ila tangu siku ile nimekuwa nikilipima swali ambalo hospitali zetu nyingi kubwa zimeshalijibu kwa vitendo: je, usafi ufanywe na watumishi wa hospitali yenyewe, au upewe kampuni?

Wanaotetea kampuni wana hoja za kweli. Mhudumu wa afya aliyeajiriwa hupiga deki asubuhi, mchana anasukuma machela, jioni anatumwa maabara na sampuli, na sakafu inakuwa kazi ya mwisho. Akistaafu, nafasi yake inaweza kukaa wazi muda mrefu kusubiri kibali cha ajira. Kampuni ikipungukiwa mtu leo, kesho inaleta mwingine. Mashine na sabuni ni juu yake, mganga mfawidhi anabaki na wagonjwa wake, na mkataba ukiisha kampuni mbovu inaondoka. Kwa hospitali yenye majengo mengi na bajeti finyu, huo si unafuu mdogo.

Uingereza ilipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1983 serikali iliziagiza hospitali za umma kushindanisha kazi za usafi kwa zabuni. Watafiti waliochambua takwimu za taasisi 126 za hospitali za England, za mwaka 2010 hadi 2014, walikuta kwamba pale usafi ulipopewa kampuni gharama zilikuwa chini. Lakini palikuwa pia na wasafishaji wachache kwa kila kitanda, na maambukizi zaidi ya MRSA, bakteria sugu kwa dawa. Na ule unafuu ulihesabiwa bila gharama ya kuwatibu walioambukizwa humo humo hospitalini. Scotland ilikuwa imeshaamua mwaka 2008 kutoingia mikataba mipya ya aina hiyo.

Sababu haijajificha. Zabuni hushinda kwa bei, na sehemu kubwa ya gharama ya usafi ni mishahara. Anayetaka kushusha bei anapunguza watu au anapunguza malipo, na anayelipwa kidogo haendi mbali kabla ya kutafuta kazi nyingine. Kila anapoondoka anaondoka na ujuzi, kwa sababu usafi wa wodi ni ujuzi. Damu ikimwagika sakafuni inahitaji klorini ya asilimia 0.5. Ukiwa na Jik ya asilimia 3.5, ni kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Mchanganyiko wa jana haufai, na uchafu usipoondolewa kwanza, klorini inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki. Mambo haya mtu hajifunzi kwa kukabidhiwa sare na gambuti.

Hata hivyo, siwezi kusema ajira ya moja kwa moja ingetuponya. Tathmini ya nyota ya vituo vya afya vya msingi Tanzania, ya mwaka 2015/16, ilikuta karibu theluthi moja havina hata nyota moja. Usafi ni sehemu tu ya yaliyopimwa, lakini vingi vya vituo hivyo ni zahanati, ambazo kwa kawaida hujifanyia usafi zenyewe. Pengine hata maji hakuna. WHO na UNICEF waliripoti mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya vituo vya afya duniani vilikosa huduma za msingi za kunawa mikono.

Kwa hiyo nauweka mpaka kwenye chumba. Bustani, maegesho, madirisha na korido zibaki kwa kampuni. Chumba cha kujifungulia, chumba cha upasuaji na wodi ya watoto njiti visafishwe na watu wa kudumu wanaopokea maelekezo kutoka kwa muuguzi msimamizi wa hapo. Sasa hivi muuguzi akiona dekio la chooni wodini, inabidi amtafute msimamizi wa kampuni, ambaye huenda yuko jengo jingine. Ule mfumo wa 5S wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, uliotoka Japani, ambao hapa nchini ulianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, tumeutafsiri vizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hiyo ya mwisho inahitaji watu wanaobaki.

Na pale kampuni itakapoendelea, mkataba utaje idadi ya wasafishaji kwa kila wodi, mafunzo kabla ya siku ya kwanza, na chanjo. Siku ya nne yule mama alinionyesha kidole chake. Alikuwa amechomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka za kawaida badala ya boksi la manjano. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu. Muuguzi wa zamu aliniambia yeye alishamaliza zote. Yule mama, anayebeba taka za wodi hiyo hiyo kila asubuhi, hakuwa amepata hata moja.