Nikahi kwa Mizunguko 2000

Kwa kuwa jirani zetu hapa Bombo, Uganda, wameanza kuisimulia habari ya nikahi hii kwa kuitia chumvi, nimeona heri niiandike mwenyewe, nikianzia pale ambapo wao hawaanzii kamwe, yaani ndani ya injini.

Land Cruiser ya mjomba wangu ina injini ya 2F, ile ya petroli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo kamshafti yake, yaani mhimili wenye nundu za kufungulia valvu, haikai juu kwenye kichwa cha silinda bali imelala ndani ya bloku, ikisukuma tapeti, vile vyuma vifupi vinavyokalia nundu hizo, tapeti zikisukuma fito ziitwazo pushirodi, na pushirodi zikiinua roka zinazofungua valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi. Ilikuwa ikigonga bila kukoma, na kila tulipoirekebisha nafasi ya valvu, yaani ule mwanya mdogo kati ya roka na valvu, ilitulia kwa safari ya kwenda Kampala na kurudi, kisha ikaanza upya. Fundi wetu, ambaye sote humwita Afande kwa kuwa alistaafu jeshini akiwa sajini, alisema kuwa ukikaza leo na kesho ukakuta pamelegea, basi kuna chuma kinaliwa. Tulipoifungua injini kwa ajili ya ovahoo, yaani ukarabati mkubwa, tukamkuta mla na mliwa: nundu mojawapo ya kamshafti ilikuwa imelika hadi kukaribia kuwa duara, na uso wa tapeti yake, ambao ukiwa mzima huwa umetuna kidogo mno hata jicho lisiutambue, ulikuwa umebonyea na kujaa vishimo vilivyokwaruza ukucha.

Mjomba, ambaye shilingi ikiingia mfukoni mwake haioni tena jua, alipendekeza tubakishe zile tapeti zilizoonekana nzima. Afande alikataa katakata, akaeleza kwamba kila tapeti huzoeana na nundu yake, na kwamba tapeti nzee ikiwekwa juu ya kamshafti mpya huitafuna. Basi mjomba akaenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, akarudi na kamshafti mpya na tapeti zote 12, akiwa na uso wa mtu aliyetoka mazikoni.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mkasa. Kamshafti ya aina hii ikiwa mpya hupakwa mafuta mazito meusi yenye molibdeni, na injini ikishawaka hairuhusiwi kunguruma polepole, kwa sababu nundu hulainishwa zaidi na oili inayorushwa na krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na krankshafti ikizunguka taratibu hairushi oili ya kutosha. Kwa hiyo mara tu inapowaka hupandishwa hadi mizunguko 2000 kwa dakika na kushikiliwa hapo kwa dakika 20 au zaidi, ikiongezwa na kupunguzwa kidogo, hadi vyuma vizoeane. Tulijaza maji, tukajaza petroli kwenye kabureta ili isichelewe kushika, tukahakiki taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Kilichokosekana ni bomba la moshi, ambalo lilikuwa bado kwa mchomeleaji, na Afande akasema injini haipumui kwa bomba.

Nyumba ya pili palikuwa na nikahi, nasi tulilijua hilo, kwani ilitangazwa kuwa baada ya alasiri. Ila shehe alikuwa na ndoa nyingine Wobulenzi, akaisogeza hii ya Bombo mbele, mara tu baada ya adhuhuri, na katika kuwaarifu wageni mia kadhaa hakuna aliyekumbuka kuiarifu Land Cruiser.

Niliwasha. Injini ilishika papo hapo, na sauti iliyotoka iliwaondoa kuku wa mtaa mzima. Hazikupita dakika tano, baba wa bibi harusi alikuwa mbele ya boneti, kanzu ikivutwa na upepo wa feni.

"Zimeni! Shehe amekwisha kaa!"

"Mzee wangu, tuwie radhi," Afande alipaza sauti, "ikishuka sasa kamshafti imekwenda!"

Kwa kweli injini ikipata hitilafu inaruhusiwa kuzimwa na kuwashwa tena baadaye, maana kinachoiua ni kunguruma polepole, lakini Afande hakuona kwamba nikahi ni hitilafu. Mzee alimtazama mjomba, mjomba akataja bei ya kamshafti, na mzee, ambaye naye ana gari kuukuu, akarudi zake bila neno.

Suluhisho lilitoka kwa mshenga. Aligundua kwamba kila baada ya muda Afande hunipa ishara nishuke hadi 1500 kabla ya kupanda tena hadi 2500, akasimama uani karibu na ua wa mabati na leso nyeupe mkononi, akawa anaipunga kila ngurumo inapopungua. Shehe akaanza kuozesha kwa vipande. Jina la bibi harusi lilipita kwenye mshuko mmoja, mahari yakapita kwenye mwingine, lakini kila bwana harusi alipofungua kinywa, injini ilikuwa imekwisha panda, na mashahidi wawili wakatikisa vichwa kwamba hawajasikia kitu. Akaambiwa apaze sauti. Akapaza. Akaambiwa apaze zaidi.

Wakati huo huo Afande aliangalia saa yake, akaridhika, akanikatia ishara ya shingoni, nami nikazima. Leso ilikuwa imekwisha shuka. Katika kimya kile ambacho hata mtoto mchanga hakukivunja, bwana harusi, aliyekuwa amefumba macho na kukusanya pumzi zote alizojaliwa, akapiga ukelele:

"NIMEKUBALI!"

Mashahidi walisikia. Wauza nyama wa barabara ya Gulu walisikia pia, na mmoja wao akaitikia hongera. Bibi harusi alicheka ndani hadi wanja ukamchuruzika, na shehe akahitimisha dua huku mabega yakimtikisika.

Afande peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia kifuniko cha valvu akifungua nati, kwani nafasi za valvu za 2F hupimwa injini ikiwa bado ya moto, milimita 0.20 kwa za kuingiza na milimita 0.35 kwa za kutoa, naye amezoea kuzipima ikiwa inaunguruma.

"Haya," akaniambia, "washa tena."